Gari likifia njiani, dereva naye ana lake? Tuanze na Max wa Melbourne 2024

MpigaSpana (mleta mada)

Wakuu, habari za wikiendi.

Kijiweni kwetu Sinza kuna ubishi umeshindikana. Upande mmoja wanasema Max Verstappen, dereva wa F1 (mbio za magari za Formula 1), siku ile ya Melbourne alikosa bahati tu, basi. Upande wa pili wanasema dereva mkubwa gari halimfii. Nimeona niulete huku kwenye mafundi, madereva na wale wa kushika rimoti.

Kwa ambao hawakuamka: ni Jumapili ya tarehe 24 Machi 2024, Albert Park. Kule saa tisa alasiri, huku kwetu saa moja asubuhi. Ilikuwa Jumapili ya Matawi na wakati huohuo mfungo wa Ramadhani, kwa hiyo nusu ya kijiwe wanakunywa chai na nusu wanawatazama wanaokunywa chai.

Max kaanza nafasi ya kwanza. Ameshinda mbio 9 mfululizo tangu Suzuka ya 2023, akichukua na hii anafikisha 10 na kuifikia rekodi yake mwenyewe. Amemaliza mbio 43 bila kuachwa njiani hata mara moja. Mara ya mwisho gari kumzimia ilikuwa hapohapo Melbourne, 2022, mafuta yalivuja.

Taa zikazima, akatoka vizuri. Mzunguko wa pili Carlos Sainz wa Ferrari akampita, tena kirahisi mno, watu wakapiga kelele. Mimi macho yalikuwa kwenye gurudumu la nyuma kulia. Moshi mwembamba unatoka ndani ya rimu, sio kwenye tairi. Aliyewahi kushuka Kitonga nyuma ya lori lililojaa mzigo anaujua moshi ule hata akifumba macho. Mzunguko wa nne anaingia piti, kwa mafundi wake, breki inapasuka kwa kishindo, vipande vinaruka, moto, mafundi na mitungi yao. Kwisha habari.

Breki ile ilishika tangu taa zinazima na haikuachia. Max mwenyewe alieleza baadaye kwamba ni kama alikuwa anaendesha huku hendibreki imevutwa. Sasa msifikirie breki ya IST. Diski za F1 ni za kaboni, zinataka joto la mamia ya nyuzi ndipo zishike vizuri, na akikanyaga kwa nguvu mwisho wa barabara iliyonyooka zinakaribia nyuzi 1,000. Zinavumilia kwa sababu akiachia tu, hewa inapita kwenye vitundu vya diski na kuipoza kabla ya kona inayofuata. Diski isiyoachiwa haipati hiyo nafasi. Joto linapanda, linahamia kwenye kalipa (kifaa kinachobana diski), mafuta ya breki yanachemka, na mwisho vitu vinapasuka. Juu ya hapo, gurudumu moja la nyuma linazuiwa na mwenzake liko huru, kwa hiyo gari halitulii kwenye kona. Ndiyo maana Sainz alipita pale kama anapita kituo ambacho hakina abiria.

Msimamo wangu ni huu. Gari la mbio linajengwa jepesi hadi ukingoni, na kila gramu iliyopunguzwa kuna mtu aliikubali. Likikatika kitu, tuulize nani alikubali nini na lini. Mara nyingi ni mtu wa kiwandani. Mara nyingine ni fundi aliyefunga. Lakini kuna siku ni dereva mwenyewe, yuko kwenye usukani na anajua kabisa anachofanya. Max wa Melbourne simdai hata senti. Ninayemdai ni Kimi Räikkönen wa Nürburgring 2005.

Karibuni. Matusi yaacheni nyumbani.

Kisoda

Nimekaa siti ya mbele, mtu asinizibe.

Shabiki44

Mleta mada umeruka kaburi lenye maiti wengi. Malaysia 2016!

Sepang, Lewis Hamilton wa Mercedes anaongoza, mzunguko wa 41 kati ya 56. Hana presha na mtu. Ghafla moto nyuma ya gari na sauti yake redioni, "no, no, no". Mimi nilitoka nje nikakaa barazani, mama akaniuliza nani kafa. Mercedes wenyewe walisema ni beringi ya konrodi, ndani ya injini. Ricciardo akashinda, Rosberg, mwenzake Hamilton wa timu, akachukua nafasi ya tatu. Mwisho wa msimu Rosberg bingwa kwa pointi 385 dhidi ya 380.

Pointi 5, wakuu. Ushindi mmoja ni pointi 25. Haya niambie, mkuu MpigaSpana, Hamilton alikubali nini hapo? Magari yenye injini ya Mercedes yalikuwa 8 mwaka ule na yeye mwenyewe aliuliza hadharani kwa nini zinazokufa ni zake. Na mwanzoni mwa msimu ule mafundi wake walibadilishwa na wa Rosberg. Unganisha nukta mwenyewe.

Mtoto wa Gerezani

@Shabiki44 nukta zako ziache kwanza. Beringi ya konrodi haihujumiwi kwa bisibisi. Injini ile inazunguka zaidi ya mara 10,000 kwa dakika, na kinachoitenganisha beringi na kishafti ni utando wa oili mwembamba kuliko karatasi. Presha ya oili ikishuka kwa muda mfupi tu, chuma kinakutana na chuma na injini inanoki. Hapa dukani naletewa konrodi zimetoboa bloku, na mwenye gari anakuapia oili alimwaga wiki iliyopita.

Nirudi kwa Max. Kalipa kushika kwenye magari yetu ni ugonjwa wa kila siku. Mpira wa vumbi umechanika, mtu kapita kwenye maji ya Jangwani, mchanga unaingia, pistoni inapata kutu, ukikanyaga inatoka, ukiachia hairudi. Au pini za kuteleza zimekauka grisi. Dalili zake: gari linavuta upande mmoja, mafuta yanaisha haraka, rimu moja imejaa masizi meusi kuliko zingine. Mtu anakuja nayo baada ya miezi, diski imeshakuwa ya bluu.

Lakini F1 hawana huo uzembe. Kalipa zinafunguliwa na kukaguliwa kila mbio. Kwa hiyo ikishika, kimeharibika kitu wakati wa kufunga au kifaa chenyewe kimezingua. Hapo namuunga mkono mleta mada, dereva hayumo.

Dada wa Piti

Wewe MpigaSpana umemtaja Kimi halafu ukapita haraka kama mtu anayemdai mwenzie mbele ya mashahidi. Eleza vizuri, maana wengine humu walikuwa chekechea 2005.

Sheria ya mwaka ule: huruhusiwi kubadilisha tairi wakati wa mbio. Seti moja inakupeleka tangu kufuzu (kugombea nafasi za kuanza) mpaka bendera, labda tairi lipasuke au liwe limeharibika. Kimi anaongoza, anawapita walioachwa mzunguko, anabana breki vibaya akiwa nyuma ya Jacques Villeneuve, tairi la mbele kulia linasuguana na lami na kupata bapa. Kutoka hapo kila likizunguka linapiga. Ulikuwa ukiangalia kamera ya ndani unaona gurudumu linatetemeka mpaka macho yanauma. Timu ya McLaren wanaona, dereva anaona, Alonso anakuja nyuma. Mzunguko wa mwisho, breki ya kona ya kwanza, mikono ya saspensheni ikakatika. Alonso akachukua pointi 10, Kimi sifuri.

Sasa unataka Kimi angefanyaje? Aingie piti abadilishe tairi, apoteze ushindi, halafu mumwite mwoga? Msimu ule alikuwa anamfukuza Alonso na gari lake limeshamwangusha mara kadhaa. Mtu wa namna hiyo hana anasa ya kuhesabu. Lawama ni za aliyeandika sheria ile.

Kisoda

Dada wa Piti kaingia na spana ya namba 32.

MpigaSpana (mleta mada)

@Dada wa Piti, nakuelewa, ila soma ulichoandika. "Dereva anaona." Hapo ndipo ninapomdai. Sikusema alifanya upuuzi. Alicheza kamari kwa macho makavu na akaliwa. Mwisho wa msimu Alonso 133, Kimi 112. Hata angeshinda pale asingekuwa bingwa kwa hesabu hiyo peke yake. Lakini usimuweke kikapu kimoja na Max ambaye gari lilimsaliti kabla hajafika kona ya kwanza.

@Shabiki44, pole ya 2016 ulishapewa, ni miaka mingi sasa. Hamilton naye simdai.

MzeeWa404

Vijana nawasoma tu. Mnaongelea lami. Dereva na gari walijuana kwenye rali ya Safari.

Ilianza 1953, ikiitwa Coronation Safari, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, na ilipita nchi zote tatu: Kenya, Uganda na Tanganyika yetu. Hapakuwa na kufunga barabara. Unakutana na ng'ombe, basi, mvua ya masika na mto uliokuwa haupo asubuhi. Mwaka 1963 walianza zaidi ya 80, wakamaliza 7. Saba! Mwaka 1968 tena wakamaliza 7. Na miaka yote miwili mshindi ni mtu yuleyule, Nick Nowicki, na gari lilelile, Peugeot 404. Kati ya hapo, 1966 na 1967, akashinda Bert Shankland aliyekuwa anaishi hapahapa Tanzania, naye kwa 404. Jina langu humu mmelijua lilikotoka.

404 ile haikuwa gari la kasi kuliko yote. Ilishinda kwa sababu ilifika. Na aliyeiendesha alijua wapi aikaze na wapi aibembeleze. Mtazameni Joginder Singh, alikulia kwenye gereji, fundi kabla ya kuwa dereva. Aliingia Safari mara 22 akamaliza 19. Enzi ambazo wenzake wanaachwa vichakani na shafti mkononi. Nyie mnaniambia hiyo ni bahati?

Dada wa Piti

Shikamoo mzee. Naomba niulize bila kukosa adabu: si inawezekana alikuwa anaendesha taratibu tu?

MzeeWa404

Marahaba mwanangu. Alishinda 1965 kwa Volvo, 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Kwa taratibu hiyo, na wewe jaribu.

Kisoda

Nimeanguka kwenye kiti.

Dereva wa Kitonga

Nimesoma yote mpaka hapa. Mimi naendesha semi, Dar kwenda Tunduma, na nitawapa ya upande wetu maana mleta mada katutaja.

Dereva anasikia gari kwa makalio kabla mashine haijamwambia. Breki ikianza kushika, ukiachia mafuta gari linapungua mwendo haraka kuliko kawaida, kama kuna mtu kakushika shati. Harufu inakuja baadaye. Moshi ni wa mwisho, ukishaona moshi umechelewa. Nikishamaliza kushuka Kitonga nasimama Ruaha Mbuyuni, nazunguka gari lote, naweka mgongo wa mkono karibu na kila habu bila kugusa. Zote zinakuwa na joto, hilo ni la kawaida. Natafuta ile moja inayonisukuma mkono. Nikiipata hiyo sitoki hapo, tajiri apige simu mpaka achoke. Kuna mwenzangu alitoka. Gari lilifika, tairi mbili zilikuwa za kuzima kwa mchanga.

Kwa hiyo namwamini Max aliposema alijua tangu mwanzo. Alijua kabla yenu nyie wa kijiweni. Ila mimi nina Ruaha Mbuyuni, yeye hana pa kusimama.

Mkwezi

Swali la mjinga: zile kompyuta zote, wahandisi kibao na vichwa vya sauti, waliona joto linapanda au hawakuona? Kama waliona si wangeachia breki kwa rimoti?

Mtoto wa Gerezani

Waliona mkuu, vihisi vya joto vipo kila gurudumu. Lakini kuachia kwa mbali haiwezekani, na hata ingewezekana sheria inakataza. Miaka ya mwanzo ya 2000 timu ziliweza kurekebisha vitu vya gari kutoka piti, FIA, wasimamizi wa mbio, wakafuta kuanzia 2003. Sasa data inatoka kwenye gari kuja kwao, hairudi. Wanachoweza ni kumwambia dereva ageuze kitufe fulani kwenye usukani.

Na breki ya nyuma ya F1 tangu 2014 ina msaada wa umeme, sehemu ya nguvu ya kusimamisha inatoka kwenye mota inayochaji betri, kompyuta inagawa. Ila kalipa yenyewe bado ni pistoni na mafuta. Pistoni ikigoma, kompyuta inabaki kuandika tu namba zinavyopanda.

Msafiri wa Gilgil

Hamjambo majirani. Mimi niko huku Kenya, Safari iliporudi kwenye ubingwa wa dunia 2021 nilikuwa Naivasha, na nina la kuongeza kwa hoja ya mzee.

Thierry Neuville aliongoza ile rali vizuri sana. Jumapili asubuhi anaamka na karibu dakika moja mbele ya Katsuta. Akaingia Loldia, hatua ya kwanza ya siku, akatoka na shokapu ya nyuma kulia imevunjika. Hyundai ikaegeshwa, rali imeisha kwake. Sébastien Ogier akashinda na Toyota. Na huyo Ogier Ijumaa alikuwa ameshapata shida ya shokapu akapoteza kama dakika mbili, lakini alilifikisha gari kwa mafundi na akarudi vitani.

Hapo ndipo nasema kifaa kinaweza kuwa kilekile na mwisho ukawa tofauti. Sisemi Neuville alikosea, ile barabara ina mawe ambayo hayaonekani mpaka yakugonge, na vumbi lile laini linafunika kila kitu kama unga. Lakini kwenye rali dereva anachagua kila jiwe. Kwenye F1 hachagui.

MpigaSpana (mleta mada)

@Msafiri wa Gilgil karibu sana ndugu, umeileta vizuri kuliko nilivyoileta mimi. Tofauti ni nafasi ya kuchagua. Rali ina nafasi nyingi, F1 ina chache, lakini hazijaisha. Kimi alikuwa nayo mizunguko kadhaa. Max hakuwa nayo.

Shabiki44

Na Schumacher Suzuka 2006? Wamefungana pointi na Alonso, 116 kwa 116, zimebaki mbio mbili. Schumi anaongoza, Ferrari ikatoa moshi mzunguko wa 37. Mbioni injini ilikuwa haijawahi kumfia tangu Ufaransa 2000! Miaka sita injini nzima, ikachagua siku ile. Usiniambie hiyo sio bahati.

Dada wa Piti

Hiyo ndiyo injini niliyoililia. Lakini kumbukeni alichofanya. Alirudi gereji akawafuata mafundi wake, akawashika mikono na kuwafariji kabla hajaondoka. Alijua miaka sita ile walimfungia wao. Kama ni kudai, yeye mwenyewe aliona hana wa kumdai.

Häkkinen naye Barcelona 2001, mzunguko wa mwisho, yuko mbele zaidi ya nusu dakika, klachi ikafa. Mzunguko wa MWISHO. Schumacher akapita akachukua ushindi, na baada ya mbio akamfuata kumpa pole. Häkkinen alirudi piti amekaa juu ya gari la Coulthard, mwenzake wa timu. Mwisho wa mwaka ule akaacha F1, hakurudi tena kwenye mbio zake.

Kaka Corolla

Mmetaja Sainz kule juu mkapita. Hakuna aliyeona kitu hapo?

Aliyefaidika na breki ya Max ni Carlos Sainz mtoto. Wiki mbili kabla alikuwa hospitali Saudia, katolewa kidoletumbo, gari lake akapewa Bearman wa miaka 18 akamaliza wa 7. Karudi Melbourne anatembea kama mzee, kashinda mbio, Leclerc wa pili, Ferrari moja na mbili. Kama breki ya Max isingeshika, sidhani kama angepata.

Sasa nenda kwa baba yake. Rali ya Uingereza, Novemba 1998. Carlos Sainz mkubwa anahitaji nafasi ya nne tu awe bingwa wa dunia. Mpinzani wake Tommi Mäkinen alishatoka siku ya kwanza, aliteleza kwenye oili iliyomwagwa barabarani na gari la zamani lililopita mbele, akagonga zege, gurudumu likang'oka. Ubingwa umeshakuwa wa Sainz. Hatua ya mwisho, mita mia chache kabla ya mstari, injini ya Toyota Corolla ikafa. Moshi. Msoma ramani wake, Luis Moya, anamsihi ajaribu kuiwasha. Haikuwaka. Moya akashuka akachukua helmeti akaitupa ikapasua kioo cha nyuma. Mäkinen bingwa kwa pointi 58 kwa 56, na hakuwa hata barabarani.

Corolla hiyo, wakuu. Gari ambalo hapa mjini likizima mwenye nalo anatafuta kwanza kama mafuta yameisha.

Mkwezi

Toyota tena? Si hao hao wa Le Mans?

Kaka Corolla

Hao hao. Le Mans 2016, mbio za saa 24, zimebaki dakika chache, Toyota namba 5 inaongoza, Kazuki Nakajima kwenye usukani, anasema redioni hana nguvu. Gari likasimama mbele ya mashabiki kwenye mstari, Porsche ikapita. Ilikuwa hitilafu kwenye bomba la hewa kati ya tabo na intakula (kipoza hewa inayoingia kwenye injini). Saa 23 na zaidi limekimbia zima. Toyota walisubiri mpaka 2018 ndipo wakashinda, na Nakajima alikuwemo kwenye gari lililoshinda. Hapo niambieni dereva alifanya nini.

MpigaSpana (mleta mada)

Hakufanya kitu. Nakajima na Sainz baba hawadaiwi, naungana nawe. Na huyo Sainz mkubwa ndiye anayenipa shida zaidi ya wote mliowataja, kwa sababu alikuwa wa nne na hakuhitaji zaidi. Alikuwa anaendesha kistaarabu. Mzee, hapa hoja yako ya kubembeleza gari inakwama.

MzeeWa404

Haikwami. Kubembeleza hakufanyi chuma kiwe cha milele. Joginder mwenyewe zile tatu hakumaliza.

Shabiki44

Kwa hiyo ni bahati. Asante, nafunga uzi.

Dada wa Piti

Hufungi. Sainz baba na Hamilton kilichowaua ni injini iliyotengenezwa na watu, ikapimwa na watu, watu wakasema inatosha. Haikutosha. Wewe unaita bahati kwa sababu jina la aliyesaini hulijui.

Hata sheria inachangia. F1 ya sasa dereva anapewa injini chache kwa msimu mzima, akizidisha anarudishwa nyuma kwenye kuanza. Zamani walikuwa wanafunga injini mpya ya kufuzu na nyingine ya mbio. Injini ya leo inaombwa iwe nyepesi, iwe na nguvu na iishi mbio kadhaa. Kitu kimoja kati ya hivyo vitatu kinalipa, na timu ndiyo inachagua kipi.

Mkwezi

Sasa swali kwa Dereva wa Kitonga. Wewe unayesikia gari kwa makalio, ungepewa lile la Max ungeingia piti mzunguko wa pili badala ya wa nne?

Dereva wa Kitonga

Mzunguko wa pili ningekuwa bado naulizia gia iko wapi.

Ila kweli, hata angeingia mapema angeambulia nini? Kalipa sio tairi, huibadilishi kwa sekunde mbili. Pale ilikuwa ni kuchagua gari lizimwe likiwa zima au likiwa linawaka.

Mtoto wa Gerezani

Sahihi. Kufungua kalipa, kumwaga mafuta, kufunga nyingine, kutoa hewa, unatoka umeachwa mizunguko chungu nzima. Hakuna pointi hapo. Na Max msimu ule mbio zilizobaki alimaliza zote, akawa bingwa kwa pointi 437, Norris 374. Breki ile ilimnyima rekodi tu, ubingwa haikuugusa.

Mkwezi

Na wakati tupo hapa, Noah yangu ya nyuma kushoto rimu ina masizi kuliko zingine. Hiyo inasubiri mwisho wa mwezi?

Mtoto wa Gerezani

Njoo nayo kesho asubuhi, ije polepole. Usipitie Jangwani.